Mzee Mashimo na Bendera ya Tisa

Majina kamili ya kaka yetu yamechapishwa kwenye jalada la programu mliyoishika, chini ya picha ile aliyokataa kutabasamu. Sitayarudia. Miaka yote niliyoishi naye sikumsikia mtu akimwita kwa majina hayo, ukiacha karani wa benki na nesi wa zamu. Kazini alikuwa Mzee Mashimo, kwa watoto wangu alikuwa Mjomba Mashimo, na kwa mke wake, wifi yangu aliyeketi hapo mbele, alikuwa mume wangu siku za amani na kaka yako siku nyingine. Mimi ni mdogo wake wa mwisho. Familia imenipa kazi ya kusoma wasifu huu kwa sababu, kama walivyosema kwenye kikao, mimi ndiye mwenye mdomo. Nimeuandika mwenyewe, kwa hiyo mkikuta kosa mnajua pa kuja kulalamika.

Marehemu alizaliwa tarehe 22 Agosti 1955 katika chumba cha nyuma cha duka la baba yetu, aliyekuwa fundi cherehani. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano. Watoto wote tulilala chumba kimoja, na kila jioni kaka aliuhamisha mkeka wake. Leo chini ya dirisha, kesho karibu na mlango, keshokutwa juu ya miguu yetu sisi wengine. Baba alipomuuliza ana shida gani, alijibu kwamba hataki sakafu ichoke upande mmoja. Baba alicheka mpaka akajichoma sindano. Mama hakucheka, maana ndiye aliyekuwa akijikwaa juu yake alfajiri akienda kuwasha jiko.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, kisha sekondari hadi kidato cha pili. Hakuwa mwanafunzi hodari wala hakujifanya. Hesabu zilimpiga chenga waziwazi. Alichokipenda ni kuchora ramani. Mwaka wa mwisho wa shule ya msingi alipewa kazi ya kuchora ramani ya pwani yetu kwa ajili ya ukuta wa darasa. Akaanza na bahari, akaipaka buluu kwa moyo mkunjufu mpaka rangi ikamwishia katikati ya maji, ikabidi nusu ya bahari imaliziwe kwa kijani. Mwalimu aliitundika hivyohivyo. Macho ya baba yalipoanza kufifia na cherehani ikakaa kimya, kaka aliacha shule ili sisi wadogo tuendelee. Hakuwahi kutusimanga kwa hilo, hata siku tulizostahili kusimangwa, na leo mbele yenu nasema asante ambayo nilipaswa kuisema akiwa na masikio ya kuisikia.

Tarehe 3 Machi 1975 aliajiriwa kama kibarua wa kuvuta mipira ya maji katika klabu ya gofu iliyo juu ya jabali, na hakufanya kazi mahali pengine mpaka alipostaafu. Wageni wanaofuata jua la pwani yetu huambiwa na kila dereva wa teksi kwamba kuna viwanja vitatu ambavyo hawapaswi kuondoka bila kuvicheza. Upo wa hoteli ya mnara wa taa, uwanja mfupi wa mashimo tisa yanayopita katikati ya bustani za maua, ambako babu anaweza kucheza na mjukuu na wote wakarudi wamepatana. Upo wa hoteli kubwa ya nyumba nyeupe, wenye maziwa yaliyochimbwa kwa mashine na bata walioletwa kwa lori, ule ambao picha zake mnaziona kwenye majarida ya ndani ya ndege. Na upo huu wetu wa klabu, mkongwe kuliko yote, ambapo upepo wa bahari unaweza kuurudisha mpira mpaka miguuni pa aliyeupiga. Kaka alivijua vyote, kwa sababu wenye viwanja huazimana mafundi. Ule wa mnara wa taa aliuita sebule. Ule wa nyumba nyeupe aliuita keki, na hakuwa anausifu. Wa kwake aliuita uwanja, basi. Mwenyewe alicheza Jumatatu, siku klabu inapofungwa na wafanyakazi wanaruhusiwa, na kwa upendo wote nasema alikuwa mchezaji mbovu. Mipira yake ilikuwa na tabia ya kwenda kusalimia watu barabarani.

Baada ya miaka michache ya kuvuta maji alikabidhiwa kazi iliyompa jina. Wengine hapa hamjui gofu, na mimi nilikuwa kama nyinyi, kwa hiyo niruhusuni nieleze. Mwisho wa kila njia ya kuchezea kuna uwanda mdogo wa nyasi fupi kama zulia. Wenyewe wanauita grini. Ndani yake kuna shimo moja lenye bendera. Shimo hilo halikai mahali pamoja. Kila asubuhi, kabla wachezaji hawajafika, mtu anapita na chuma cha mviringo, anakata shimo jipya mahali pengine, anahamishia humo kikombe kinachokaa ndani ya shimo pamoja na bendera, na lile donge la udongo lililotoka na nyasi zake juu analichukua kuzibia shimo la jana. Anafanya hivyo ili nyasi zisikanyagwe upande mmoja zikafa. Mnaukumbuka ule mkeka. Basi anayekata shimo ndiye anayeamua siku yako itakuwaje. Akiliweka katikati unaingiza mpira huku unacheka, akiliweka ukingoni nyuma ya mchanga uliowekwa kunasa mipira unarudi nyumbani umekosana na fimbo zako.

Alifunga ndoa na wifi yangu siku ya Jumamosi, tarehe 5 Desemba 1981. Wifi alikuwa mhudumu wa chumba cha kulia cha klabu, na kaka alikuwa hakosi mlango wa jikoni kila siku kuomba maji ya moto ya kuoshea vikombe vya mashimo. Wapishi walishangaa vikombe gani hivyo vinavyochafuka namna ile, mpaka walipogundua kwamba siku wifi akiwa likizo vikombe navyo havikuwa na shida. Mama yetu alipomwona binti mwenyewe alisema neno moja tu, kwamba huyu hatachoka kuokota mkeka.

Ndoa ile ilikuwa nzuri na ilikuwa na watazamaji. Kaka hakuwa mtu wa kupayuka. Akiudhika alinyamaza, akaenda kazini, akatia bendera pembeni. Wanachama walimsoma upesi sana. Walirudi wamelowa jasho, wakaagiza chai, wakamuuliza wifi kwa adabu kama nyumbani ni salama. Kuna mwaka wifi alikwenda kumuuguza dada yake akakaa kuliko alivyoaga, na aliporudi akakuta mume kanuna na uwanja mzima umenuna naye. Nahodha wa klabu, mtu mzito, mwenye mvi na wadhifa wake, alimfuata mpaka jikoni akamwomba, kwa niaba ya wanachama wote, apatane na mumewe kabla ya mashindano ya Jumamosi. Wifi akasema yeye hajakosana na mtu. Nahodha akajibu kwamba hilo analiamini kabisa, ila uwanja haujapata habari. Jumamosi ile bendera zote zilikaa vizuri. Mpaka uzeeni kaka alishikilia kwamba aliziweka hivyo kwa sababu ya upepo.

Mungu aliwajalia watoto watatu, na wa kwanza, binti, alizaliwa mwaka 1983. Kabla hajajua kutembea vizuri alikuwa akikaa kwenye kiti cha baba yake na kuelekeza kwa kidole kila mtu afanye nini, kaka akampa jina la Meneja. Lilianza kama mzaha likageuka kuwa mpango. Kaka alikuwa na magoti yanayolia asubuhi na macho yaliyokunjamana kwa kutazama mng'ao wa bahari, na alikata shauri kwamba jua limekula vya kutosha katika familia hii. Meneja wake angekaa ofisini. Alikuwa ameshaipanga ile ofisi kichwani, yenye feni, pazia na kiti kinachozunguka. Hakumruhusu mtoto yule kugusa jembe hata kwenye bustani ya nyumbani. Wadogo zake walimwagilia mchicha, yeye akasoma.

Meneja alisomea uongozi wa hoteli, akahitimu mwaka 2006, akapata kazi mapokezi katika hoteli ya nyumba nyeupe. Siku ya kwanza kaka alinyoa ndevu mara mbili, kana kwamba yeye ndiye anayeajiriwa. Miezi ile alikuwa akipata sababu nyingi za kupita mbele ya hoteli ile, akasimama ng'ambo ya vioo akimtazama mwanawe katika sare yenye kola. Walinzi walimzoea, wakawa wanamwambia leo yupo au leo ana mapumziko kabla hajauliza.

Mambo yaliharibika mwaka 2008. Uwanja wetu na ule wa nyumba nyeupe vinatenganishwa na ua wa waya, na grini yetu ya tisa iko kandokando ya ua huo, inatazamana na grini yao. Asubuhi moja ya mwezi wa nne kaka alifika ya tisa na chuma chake, akainua macho, akamwona mtu upande wa pili amepiga goti akikata shimo. Alivaa buti na kofia pana. Alikata vizuri, bila kuchana nyasi. Kaka aliniambia miaka mingi baadaye kwamba alikuwa ameshaanza kumsifu moyoni, mpaka mtu yule alipogeuka akaona ni Meneja.

Alikuwa ameomba mwenyewe kuhamishwa kutoka mapokezi, na kwa wiki kadhaa alikuwa akitafuta ujasiri wa kusema nyumbani. Kwangu alisema kwamba mapokezi alitabasamu mpaka mashavu yakawa yanamuuma usiku, na kwamba kutoka dirishani aliona shimo linakatwa vibaya kila siku akashindwa kuvumilia. Baba yake hakumpa nafasi ya kueleza hayo. Alisimama pale kwenye waya akamwambia, "Nilikusomesha utoke huku."

Meneja akajibu, "Baba, mimi nimeipenda kazi yako tangu nikiwa mdogo. Wewe ndiye uliyenikataza kuigusa."

Kaka akampa kisogo. Jioni ile alimwambia wifi kwamba nyumba hii haina tena meneja, na kuanzia hapo jina lile halikutoka kinywani mwake. Binti alipanga chumba karibu na hoteli. Alipokuja kutembea alisema shikamoo baba, kaka akaitikia marahaba, kwa sababu hilo hanyimwi mtu, na baada ya marahaba ilikuwa kimya mpaka mgeni anaaga. Tulijaribu wote. Mimi nilimsema mpaka sauti ikakauka. Wifi alijaribu kwa upole, akajaribu kwa ukali, na mara moja alijaribu kwa kutopika. Kaka alikwenda kununua mkate.

Na bendera ya tisa ikahamia pembe ya kushoto, nyuma ya mchanga, mbali na ua kuliko pote. Grini nyingine alizibadilisha kama kawaida yake, hii hapana. Akiliondoa shimo hapo, alilisogeza shibiri moja tu, kisha kesho yake akalirudisha. Nyasi za pembe ile zikachoka zikawa na rangi ya mkonge, na huyu ndiye yule ambaye tangu utoto hakutaka sakafu ichoke upande mmoja. Wanachama walilalamika, msimamizi wa uwanja akamwita ofisini, kaka akasema ndiyo bwana na kesho yake akaiweka palepale. Upande wa pili wa waya binti yake alikuwa akifika kila asubuhi kwenye grini yake na jambo la kwanza ni kuangalia bendera ya baba iko wapi. Aliona ncha tu. Aliniambia, "Shangazi, kila siku najua jibu kabla sijauliza."

Hali hiyo ilidumu miaka sita, mpaka siku ya mashimo mawili.

Ilikuwa mwaka 2014, Jumapili yenye watu wengi. Daktari wa meno, mwanachama wa siku nyingi ambaye naona amekuja nasi leo, alipiga mpira wake kwenye njia fupi ya tano, mpira ukadunda juu ya grini, ukabingirika, ukazama. Wote waliona kwa macho yao. Kuingiza kwa pigo moja ni jambo ambalo wengi wanakufa hawajalipata, na mila ya mchezo ule inasema aliyeingiza awanunulie vinywaji wote waliopo klabuni. Walipiga simu papo hapo, na kabla daktari hajafika kwenye grini wifi na wenzake walikuwa wameshaanza kugawa chupa. Alipofika akakuta mashimo mawili. Moja lilikuwa na bendera. Jingine, shimo la jana ambalo halikuzibwa, lilikuwa na mpira wake. Daktari alisimama katikati ya yale mashimo akiangalia huku na huku kama mtu aliyekuta milango miwili ya nyumba yake. Vinywaji vilikuwa vimeshanyweka, na mpaka leo klabuni kuna wanaoapa kwamba shimo ni shimo.

Watu walikufa kwa kicheko. Kaka hakucheka. Alisema kuna mnyama aliyefukua. Wiki ile wifi aliokota kikombe cha shimo ndani ya mfuko wa koti lake, na siku nyingine kaka alirudi nyumbani katikati ya kazi, akaketi, akaulizwa amesahau nini, akasema hilo ndilo analojaribu kukumbuka. Hapo wifi alimpigia simu binti yake. Alimwambia baba yako anaanza kupotea, na mwaka ujao anastaafu, na kama wakijua watamwondoa kesho kwa aibu. Hakumwomba kitu. Alimpa habari tu.

Kesho yake alfajiri Meneja alipita kwenye upenyo wa ua, pale bomba la maji linapopita, akamngojea baba yake kwenye grini ya kwanza. Alisema shikamoo. Aliitikiwa marahaba. Kaka akakata shimo, akahamisha bendera, akaondoka, na binti akamfuata nyuma, akiziba lililosahauliwa. Hivyo hivyo grini zote. Kesho yake tena, na keshokutwa. Hotelini kwake, vijana wa timu yake walianza kazi bila yeye wakamtunzia siri. Klabuni kwetu, msimamizi wa uwanja alikuwa na desturi ya kunywa kahawa dirishani asubuhi, na mwaka ule wote aliligeuzia dirisha mgongo. Bwana msimamizi, nimekuona hapo nyuma. Tulijua, na hatukusahau.

Siku nyingi zilipita bila neno. Wa kwanza kusema alikuwa kaka, na alichosema ni kwamba donge analikanyaga kwa nguvu mno, litabonyea. Binti akaanza kukanyaga taratibu. Baada ya siku chache akaambiwa kwamba sasa linachomoza. Wifi aliposimuliwa alifurahi kama ameletewa zawadi, akasema mradi anagomba, yuko njiani kupatana. Alikuwa anamjua mtu wake. Ila walipofika ya tisa kaka hakuhitaji msaada. Mikono yake ilijua njia ya kwenda pembe ya kushoto hata siku kichwa kilipokuwa kimelala.

Alistaafu Jumamosi, tarehe 29 Agosti 2015. Asubuhi ile walizunguka pamoja kama kawaida. Haya ninayoyasema nimeyasikia kutoka kwa binti mwenyewe, na amenipa ruhusa. Walipofika ya tisa kaka hakwenda pembeni. Alisimama katikati ya grini ameshika chuma, akatazama ua, akatazama upande wa pili, kwa muda mrefu, mpaka binti akaogopa kwamba amesahau yuko wapi. Kisha akamnyooshea kile chuma.

"Meneja," akasema, "wewe ungeliweka wapi?"

Binti alikuwa hajasikia jina hilo kwa baba yake tangu ile asubuhi ya waya. Akasema, "Katikati, baba."

"Basi kata."

Akakata. Kaka akaziba mwenyewe shimo la jana kule pembeni, akalikanyaga taratibu, akachomeka bendera katikati. Siku ile wachezaji wa kwanza waliporudi kunywa chai walimwambia wifi kwamba ya tisa iko katikati, mahali ambapo hata kipofu angeingiza, wakamuuliza kuna nini. Wifi aliweka sinia mezani, akaketi kwenye kiti cha wanachama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe, akalia. Na mimi nikiandika mstari huu nimelia, msidhani nina moyo wa jiwe.

Madaktari waliupa ugonjwa wake jina refu. Sisi tuliuita kusahau. Mwaka uliofuata yeye na wifi walihamia nyumbani kwa Meneja, ambaye wakati huo alikuwa ameshakuwa msimamizi wa uwanja mzima wa nyumba nyeupe, mwenye ofisi ambayo kwa taarifa yenu ina feni. Huko kaka alihamisha viti. Ukiamka unakuta stuli ya jikoni iko barazani na kiti cha baraza kimekaa mlangoni mwa bafu. Mkwe wake na wajukuu walijifunza kutembea kwa tahadhari, na hakuna aliyemrudishia kitu mahali pake mbele yake. Majina yetu yalimtoka moja baada ya jingine. La kwangu lilitoka mapema, nami nilijiambia sijaumia. Lililobaki ni Meneja, na kwa kuwa lilikuwa limebaki peke yake akawa analitumia kwa kila mtu. Mimi niliitwa Meneja, kinyozi aliitwa Meneja, daktari bingwa aliyevaa miwani ya dhahabu aliitwa Meneja na akaitikia. Nilimuuliza binti kama haimuumi kuchangia jina lile na mji mzima. Alisema, "Hapana, Shangazi. Angalia alivyolitunza. Yote yamekwenda, hili kaling'ang'ania."

Mwezi uliopita alipata homa ya mapafu akalazwa. Wifi alikaa naye mchana na watoto walipokezana. Alifariki dunia Jumanne, tarehe 14 Februari 2023, mchana, wifi ameshika mkono mmoja na Meneja mwingine, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Hakuhangaika. Wifi anasema alikuwa ametoka kuomba kitanda kisogezwe kidogo karibu na dirisha, na manesi, Mungu awabariki, walikisogeza.

Marehemu ameacha mjane, ambaye nampenda ingawa siku zote nimemwambia kinyume. Ameacha watoto watatu, Meneja, mdogo wake wa kiume ambaye ni dereva wa malori, na kitinda mimba ambaye ni mwalimu wa chekechea. Ameacha mkwe mmoja, wajukuu wanne, ndugu zake watatu tukiwa hai, na mafundi wa viwanja vyote vitatu, ambao jana walikuja hapa makaburini bila kuitwa, wakakata nyasi za mahali hapa katika vipande, wakavipanga kivulini na kuvimwagilia maji, ili tukimaliza virudishwe juu yake kama alivyowafundisha.

Nina tangazo moja kwa wanachama wa klabu, kisha nimemaliza. Leo asubuhi msimamizi alimruhusu binti wa marehemu aingie na chuma cha baba yake akate shimo la tisa. Sote tulitegemea ataliweka katikati. Nilikwenda naye, kwa hiyo naweza kuwaambia kwamba hakusimama hata kidogo hapo katikati. Alikwenda moja kwa moja pembe ya kushoto, nyuma ya mchanga, ambako nyasi zilikuwa zimeshapona kabisa, akapiga goti akakata. Nilimuuliza kwa nini. Hakuinua uso.

"Kaondoka, Shangazi," akasema. "Bendera nitaihamisha. Lakini si leo."

Kwa hiyo mnaocheza kesho, ya tisa itawatesa, na huenda itawatesa kwa muda. Tunaomba mtuvumilie. Siku mtakayoiona bendera ile imerudi katikati, mpigieni simu wifi yangu mumwambie, hata kama ni mapema.

Kaka yetu, mkeka wako leo umetandikwa mahali pamoja. Lala kwa amani, hatutauhamisha.